Pinki ya Mkono wa Mama

Anayedhani pinki ni rangi moja hajawahi kuingia saluni ya Costancia pale Mikumi. Costancia alikuwa na boksi zima la kucha za kubandika, pinki tupu, na kila pinki alikuwa ameitungia jina mwenyewe: pinki ya maziwa, pinki ya bigijii kama ile ya kutafuna, pinki ya kitunguu, pinki ya ulimi wa ng'ombe. Siku hiyo alizipanga zote juu ya taulo, akawatazama wateja wake, mama na binti, akasema, "Haya, leteni mkono."

Binti, ambaye ni Loveth, akanyoosha wa kwake kwa mazoea.

"Wako naujua. Nataka wa mama."

Mama Sesilia alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, amejikunyata kana kwamba anasubiri kuitwa na daktari. Alikuwa ametoka kwake Munisagara, kule Kilosa kwenye reli, kuja kupimwa nguo ya sendofu, sherehe ya kumuaga mwanawe kabla ya harusi. Habari za kucha hakuambiwa mpaka alipofika. Alicheka kwanza, akauliza kama watu wa umri wake nao huwa wanabandikwa, kisha akauweka mkono wake wa kulia juu ya taulo.

Costancia ni mtu wa maneno mengi, lakini hapo aliuinamia kwanza ule mkono.

Mama Sesilia alikuwa mponda kokoto. Tangu mumewe alipofariki, kazi yake ilikuwa hiyo, kukaa chini kando ya mto Mkondoa na nyundo, kugeuza mawe makubwa kuwa madogo. Tena alikuwa mashoto. Nyundo ilikaa mkono wa kushoto, jiwe likashikwa na wa kulia, kwa hiyo nyundo ilipokosea jiwe iliupata mkono wa kulia, ule wa kusalimia watu na kumega ugali. Kidole gumba na cha shahada havikuwa tena na kucha. Palibaki nyama ngumu, nyeusi, iliyokuwa ikipasuka wakati wa baridi.

Kokoto hizo ndizo zilizomsomesha Loveth mpaka chuo cha hoteli, zikampeleka mapokezi kwenye loji moja hapo Mikumi, na ukifuatilia vizuri ndizo zilizomkutanisha na Bryson, mchumba wake, mtoto wa watu wa Morogoro mjini. Loveth aliyajua yote haya. Hakuwa mjinga wala hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na aibu tu, na aibu ikishamkaa mtu kooni humfanya atende mambo ambayo mwenye roho mbaya angefikiria mara mbili.

Aibu yenyewe ilianzia kwenye picha. Wakwe walipokuja Munisagara kujitambulisha, mtu alimpiga mama picha akimkaribisha mgeni sahani ya wali. Picha ikarushwa kwenye kundi la simu la kamati ya harusi, na binamu mmoja wa Bryson, mwanamke asiyejulikana hata anakaa wapi, akaandika chini yake: "Jamani hiyo mikono!" akaongeza vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Aliyafuta maneno hayo baadaye. Bryson alimwambia Loveth ayapuuze, huyo binamu ndivyo alivyo. Loveth akasema ameyapuuza. Tangu hapo kila alipomfikiria mama yake siku ya sendofu, alianza na mkono.

"Basi," akasema Costancia akijikusanya, "mama ana ngozi nzuri, nyeusi yenye wekundu kwa ndani. Hii ya maziwa tuiweke kando, itamfanya aonekane kashika unga. Tujaribu hii."

Akaweka ya bigijii juu ya kidole cha kati. Ilikuwa pinki kweli, pinki isiyoomba ruhusa. Mama Sesilia akausogeza mkono kwenye mwanga wa mlangoni, akaugeuza huku na huku.

"Hii," akasema. "Ee, hii nzuri. Loveth, unakumbuka lile gauni lako la Komunio ya kwanza, lenye utepe?"

"Inapiga kelele, mama."

"Inapiga kelele?"

"Inavuta macho. Watu wote watakuangalia mkono."

"Si ndiyo kazi ya kucha?" akauliza Costancia.

Loveth akazichambua zile kucha mwenyewe, akishika moja akiacha moja, akizilaza juu ya vidole vya mama kwa umakini ambao hata vya kwake havijawahi kuupata. Ya ulimi wa ng'ombe ilikuwa nzito. Nyingine ilikaribia zambarau. Mwishowe akaishika ile ya kitunguu, pinki iliyofifia, iliyokaribiana na udongo. Akailaza. Ikatulia kwenye ngozi ya mama bila kusema neno, na ukitazama kwa mbali hukujua kama kuna kitu.

"Hii ndiyo yake," akasema.

Costancia alikubali kwamba inampendeza. Lakini aliminya kile kidole gumba taratibu, akamtazama Loveth. "Ila hapa na hapa hakuna kucha ya kushikia, shoga. Gundi inashika kucha, nyama haiishiki."

"Tutaongeza gundi. Ni shughuli ya jioni moja tu."

Mama Sesilia aliwasikiliza wakijadiliana juu ya mkono wake, macho yakienda kwa huyu na kurudi kwa yule. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo ya mtu anayeogopa kuomba kingi, "Na wewe utaweka hii hii?"

Hapo ndipo Loveth alipodanganya. "Ndiyo, mama. Itakuwa sare yetu, mimi na wewe."

Uso wa mama ulifunguka wote. Akairudia ile pinki ya kitunguu, akaitazama upya, na sasa akaiona nzuri kuliko ya bigijii. Alirudi Munisagara na kucha hizo kwenye kipakiti ndani ya mkoba, akawaonyesha majirani, akawaambia yeye na mwanawe wana sare ya kucha. Nyundo akaiweka chini tangu siku hiyo kwa sababu Loveth alimwomba, akawa anapaka mafuta mikono asubuhi na jioni, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa bure tangu awe mjane.

Siku ya sendofu walikutana nyumbani kwa shangazi, Kilosa mjini. Loveth mwenyewe ndiye aliyembandika mama kucha, chumbani, wamekaa kitandani wakitazamana. Kwenye vile vidole viwili alimimina gundi mpaka mama akafumba macho.

"Inauma?"

"Inawasha tu. Endelea."

Alipomaliza, mama alinyoosha vidole vyote akavitazama, kisha akatazama vya Loveth. Vya Loveth vilikuwa vimebandikwa kucha na Costancia jana yake, ndefu, pinki ya bigijii. Loveth alikuwa amesahau kabisa ile habari ya sare. Ndivyo ilivyokuwa, hakukusudia kumwumiza. Alisahau, na huenda hilo ni baya zaidi. Akafungua mdomo atafute cha kusema. Mama akamwahi.

"Umependeza," akasema. "Wewe ndiye bibi harusi, bwana. Inafaa wewe ndiyo upige kelele."

Ukumbi ulijaa. Mama Sesilia, ndani ya kitenge chake kipya, alisalimiana na watu meza kwa meza. Shikamoo zilimjia akaziitikia, akatoa mkono, akapokea mikono, na hakuna aliyetazama vidole vyake. Loveth alikuwa akimfuata kwa macho kutoka jukwaani. Yule binamu naye alikuwepo, kumbe kasichana tu kenye miwani, kalimshika mama mkono kakampigia na goti. Loveth akashusha pumzi. Akajiambia, si unaona? Tena akajipongeza.

Ikafika keki. Mshereheshaji, kijana aitwaye Goodhope mwenye sauti ya kuamsha waliolala, alimpandisha mama jukwaani, akampa Loveth kipande amlishe. Akamlisha, vigelegele vikapigwa. Kisha Goodhope akaongeza la kwake: "Sasa mama naye amlishe mwanawe kwa mara ya mwisho kabla hajaenda kulishwa na wengine!"

Mama Sesilia akamega keki kwa gumba na shahada. Ilikuwa keki laini, yenye krimu inayonata. Akaipeleka mdomoni kwa mwanawe, jicho limemlenga, machozi yanamlengalenga, na Loveth akapokea.

Alipong'ata akasikia kitu kigumu.

Alikijua papo hapo. Ulimi ulikigeuza, kikakwaruza kwenye fizi, kina ladha ya gundi ndani ya sukari. "Tafuna, bibi harusi, tafuna!" Goodhope akaimba, na ukumbi ukaitikia kwa makofi. Wapiga picha walikuwa wamesogea. Loveth akakisukuma kile kipande kwenye shavu, akatabasamu.

Mama alikuwa bado ameuacha mkono hewani. Akaushusha, akakitazama kidole cha shahada kilichobaki kitupu, nyama nyeusi yenye mabaka meupe ya gundi, na krimu ya keki juu yake. Akamtazama mwanawe, akatazama lile shavu. Akajua. Na usoni mwake, mnaomjua mtanielewa, kulikuwa na kicheko kinakuja. Mama Sesilia ni mtu wa kucheka. Kwa hakika angecheka pale mbele ya wote, angesema mwanangu kameza kucha, na ukumbi mzima ungecheka naye, na binamu, na wakwe, na kesho yake ingekuwa hadithi nzuri ya harusi.

Loveth akamwinamia kama anayetaka kumkumbatia, akamnong'oneza sikioni, "Mama, ficha mkono."

Kile kicheko hakikufika.

Mama Sesilia akaurudisha mkono taratibu, akauingiza chini ya ushungi wa kitenge. Mkono ule ulikuwa umesalimia mapadri na wenyeviti wa kijiji, ukapokea maiti ya mumewe, ukatia saini ya dole gumba kwenye fomu za shule. Haukuwahi kufichwa. Hakujua kwamba ni wa kufichwa. Sasa alijua, na aliyemjulisha alikuwa mbele yake, anatabasamu kwa wapiga picha, kucha shavuni.

Mamake Bryson, Mama Yudith, mwanamke mnene mwenye upendo wa wazi, akapanda jukwaani kumpongeza Mama Sesilia. Akamnyooshea mikono yote miwili. Mama Sesilia akasita. Kisha akautoa ule wa kulia, lakini vidole alikuwa amevikunja ndani, na kiganja kimeelekea chini, akampa kifundo cha mkono, kama tufanyavyo tukikutwa na udongo mikononi au tukiwa katikati ya kula.

"Eh, mama mkwe, kwani ulikuwa unamenya vitunguu?" Mama Yudith akatania, akakishika kifundo akakitikisa kwa furaha.

"Nisamehe," akasema Mama Sesilia. "Mikono yangu michafu."

Loveth alisikia. Mikono ile ilikuwa haijagusa jiwe wala jembe kwa wiki kadhaa, imepakwa mafuta mpaka inang'aa, na haijawahi kuwa safi kiasi kile. Alisimama pale, na hakuna aliyejua kwa nini bibi harusi ameanza kulia. Wakamwimbia wimbo wa kuagwa, wakidhani ni kile kilio cha kuwaacha wazazi.

Asubuhi alimkuta mama nyuma ya nyumba ya shangazi, ameshavaa kanga zake za safari. Pembeni yake palikuwa na beseni la maji ya moto yenye sabuni. Zile kucha zilizobaki alikuwa amezitoa mwenyewe, amezifuta, amezifunga kwenye kipande cha karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Akampa kile kifurushi. "Nimekutunzia. Yule dada wa saluni alisema zinaweza kutumika tena."

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

Loveth alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha. Picha, binamu, sare, yote. Lakini ili ayaseme ilikuwa lazima amweleze mama yake kwamba watu waliucheka mkono wake, na kwamba yeye alikuwa upande wao. Akakigeuzageuza kile kifurushi. Mama akamsaidia, kama alivyomsaidia siku zote.

"Ulitaka nipendeze," akasema. "Na nilipendeza. Watu wameniambia."

Bodaboda ikapiga honi nje. Wakatoka pamoja, Loveth amebeba mkoba, akampakia mama, akamwekea mkoba mapajani. Hakutaka aondoke hivi hivi. Alitaka aushike ule mkono, autie kwenye shavu lake mbele ya shangazi na dereva na yeyote atakayepita, aubusu kidole kwa kidole. Akanyoosha mkono wake, wenye kucha za bigijii, akauacha hapo unangoja.

Mama Sesilia akautazama. Akautoa wa kwake kutoka ndani ya kanga, akakunja vidole vyote ndani ya kiganja, vizuri, asimwachie hata kimoja nje, akampa kifundo.

Loveth akakishika, maana ndicho alichopewa.