Nyota Iliyokaa Patupu

Habari kwamba Jeltsje angeondolewa kwenye kundi la waonjaji ilimfikia kabla hajafunga aproni vizuri. Aliletewa na Durk, mwenzake wa ghalani, mtu ambaye siri haikuwahi kulala kwake.

"Wanasema ulimi wako umepinda," alimwambia, huku akigeuza gurudumu la jibini na kulipangusa vumbi. "Jibini ya shamba la Tolsma, Jumatatu umesema chungu, Alhamisi umesema chumvi. Jibini ileile, dada."

"Nani anasema?"

"Nukta za michoro ya Wobbe wa hesabu. Mimi najua nini? Mimi nageuza jibini tu."

Jeltsje alimaliza kufunga aproni. Mwaka wa nne huu alikuwa akigeuza magurudumu kwenye ghala la ushirika, na siku nyingine aliingia na kutoka bila kuulizwa hata jina. Lakini mara mbili kwa wiki aliketi kwenye kibanda chembamba chenye taa nyekundu, taa ya kuficha rangi ya jibini, akapitishiwa vipande kwenye kidirisha. Karatasi ilimwuliza: chumvi kiasi gani? Uchungu? Harufu ya zizi? Aliweka alama kwenye mstari, akatafuna kipande cha tofaa, akanywa maji vuguvugu, akaendelea. Kila alama yake ilisomwa na mtu. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo alisema mengi kiasi hicho, na sasa walitaka kumtoa.

Saa nane waonjaji wote tisa, Durk akiwamo, waliitwa kwenye chumba cha mkutano. Msimamizi wao, Bibi Hylkema, naye mmoja wa tisa hao, aliwamiminia kahawa, akapitisha bati la biskuti, moja kwa kila mtu, kisha akalifunga kifuniko. Wobbe, kijana wa hesabu, alikuwa na karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, kwa sababu Bibi Hylkema hakuamini picha asiyoweza kuishika.

Wobbe alitandika karatasi ya kwanza juu ya meza nyeupe. Ilijaa nukta za rangi tano, rangi moja kwa kila shamba. Kila nukta ilikuwa kipande kimoja kinywani mwa mtu mmoja. Kutoka katikati ilitoka mishale: mmoja wa chumvi, mmoja wa uchungu, mmoja wa utamu, mmoja wa zizi. Nukta ikisogea upande wa mshale, ladha ile imezidi.

Jeltsje alikuwa hajawahi kuiona ramani hiyo. Alishika ukingo wa meza. Wiki sita za kuonja, vinywa tisa, vyote vilikuwa vimetawanyika pale kama mbegu zilizomwagwa.

"Hizi za buluu ni za Tolsma," alisema Bibi Hylkema. "Nilizozungushia kalamu ni za Jeltsje. Tazama. Huyu yuko huku, tena yuko kule. Sina ubaya na wewe, binti yangu. Lakini siwezi kumpelekea mnunuzi ramani yenye mtu anayetangatanga."

Kweli, nusu ya nukta zake zilikuwa mbali kwenye uchungu, na nusu mbali kwenye chumvi. 

Wobbe akatandika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Hiyo ilikuwa na nyota tano tu, kila nyota ni wastani wa shamba moja.

"Na hapa," Bibi Hylkema aligusa nyota ya buluu, "ndipo jibini ya Tolsma ilipo."

Jeltsje aliitazama nyota hiyo. Akainama zaidi. Kidole chake kilitangulia kufika, sauti ikafuata baadaye.

"Hapa hakuna mtu."

Wote waligeuka. Wengine walikuwa hawajawahi kumsikia akisema mkutanoni.

"Unasemaje?" Wobbe aliuliza.

"Nyota. Imekaa patupu. Hakuna aliyeonja kitu hapo."

Durk alicheka puani. "Kaka yangu anakaa mji wa Sneek, dada yangu mji wa Dokkum. Kwa wastani wote wawili wanaishi katikati, ndani ya ziwa."

Wobbe hakucheka. Alisogea, akahesabu kwa midomo, kisha akafungua kompyuta yake. "Kuna tabaka niliacha kuchora," alisema. "Niliona picha imeshajaa. Na nilipanga kwa shamba, sikupanga kwa siku."

Mashine ya kuchapa ikanguruma. Karatasi ya tatu ilitoka ikiwa bado ina joto. Ilikuwa na pete zilizobonyea kama mayai, kila pete imekumbatia nusu ya nukta, zile zilizo karibu zaidi na katikati: pete moja ya Jumatatu na moja ya Alhamisi kwa kila shamba. Wobbe aliishusha polepole juu ya zile mbili.

Mashamba manne, pete zao zililaliana kama sahani mbili kabatini. Za Tolsma ziligusana ukingoni tu. Moja iliegemea uchungu, nyingine chumvi, na nyota katikati yake, peke yake.

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Jeltsje aliona kwamba hakuwa peke yake kule mbali. Durk alikuwamo, Bibi Hylkema mwenyewe alikuwamo, wote tisa walikuwa wamehama upande uleule siku ileile bila kujua. Yeye alikuwa amekwenda mbali kuliko wao tu.

Bibi Hylkema alimpigia simu Tolsma, akaweka spika ili wote wasikie.

"Ng'ombe wako walikula wapi Agosti, jibini hii ilipotengenezwa?"

"Mpaka tarehe nane, ndani ya tuta la kuzuia bahari. Halafu nikawatoa upande wa bahari, kwenye majani ya chumvi. Kwani vipi?"

"Tutakuambia." Akakata, akamwangalia Durk. "Nani alichukua magurudumu ya kuonja ghalani?"

Durk alijikuna shingo. "Jumatatu nilichukua rafu ya chini, ya mwanzo wa mwezi. Alhamisi ya juu, ya mwisho wa mwezi. Lebo zote zimeandikwa Tolsma. Tolsma ni Tolsma."

"Kumbe kilichopinda si ulimi," alisema Wobbe.

Bibi Hylkema aliiweka kando kalamu yake, akafuta kwa kidole, moja moja, alama alizozungushia nukta za Jeltsje. Kisha akafanya jambo ambalo ghala lile lilikuwa halijaliona. Alifungua tena bati la biskuti, akalisogeza mbele ya Jeltsje.

"Jumatatu njoo mapema," alisema. "Tutaonja rafu ya chini na ya juu, kila moja na namba yake."

Jeltsje alichukua biskuti lakini hakuila. Aliomba karatasi zote tatu, akazinyanyua pamoja dirishani. Nje kulikuwa na tuta, kijani na refu, na nyuma yake ng'ombe wa watu wakila taratibu. Alizisogeza mpaka pete moja ya Tolsma ikakaa upande huu wa tuta, na nyingine upande wa bahari.

"Durk," aliita, bila kugeuka. "Njoo uone."