Bushi Kwanza, Springi Baadaye

Mbaruku na mkewe Sauda walikuwa na duka la spea za magari mjini Mpanda, na gari lao lilikuwa moja tu. Siku za kazi, Subaru hiyo ya bluu ilibeba maboksi ya spea na kuwarudisha nyumbani Misunkumilo. Siku za mashindano ilitolewa kiti cha nyuma, ikapelekwa kwenye shimo la moramu, ule udongo mwekundu wa kujengea barabara, nje ya Kasokola. Hapo mkandarasi wa barabara alichimba kifusi akaondoka, na klabu ya magari ikapageuza njia ya kushindania. Walikuja madereva hata kutoka Sumbawanga na Tabora. Mbaruku aliendesha. Sauda alikaa kushoto, kofia ngumu juu ya hijabu, akimtajia kona: kulia ndefu, kushoto inabana, tuta, usikate. Watu waliwajua hivyo. Ukimtaja mmoja, umewataja wote wawili.

Maumivu ya mgongo yalimwanza Sauda kama mchezo. Alidhani ni kuinua maboksi. Alimeza vidonge, akachuliwa kwa mafuta, akaendelea kukaa dukani. Ilipofika hatua hawezi kuinama kuokota ndala, Mbaruku alimpeleka hospitali, wakaelekezwa Mbeya, na huko wakaambiwa ni kifua kikuu. Hakikushika mapafu, kilikuwa kimeshika pingili za mgongo. Daktari alisema kinatibika, ila dawa ni za muda mrefu, na pingili iliyokwisha kuliwa hairudi ilivyokuwa. Akafungwa mkanda mgumu kuanzia kiunoni mpaka kifuani. Habari za mashindano Sauda hakuziuliza, na daktari hakujua kama kuna cha kuulizwa.

Kaka yake Sauda, Yunusi, mfanyabiashara wa nafaka, hakukubali maelezo hayo. Kwake yeye mgongo wa dada yake ulikuwa umevunjwa na lile gari, kwa kurushwarushwa kwenye mashimo. Alikuja dukani akamwambia Mbaruku hivyo mbele ya wateja, tena kwa sauti ya chini, ndiyo maana iliuma zaidi. Alimtaka aliuze. Mbaruku alijibu kwa heshima kwamba huu ni ugonjwa, shemeji, daktari ameeleza. Lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Lilimkaa kwa sababu ya springi. Kabla ya ugonjwa walikuwa wameamua kuboresha gari chini, ili lifae barabarani na kwenye mashindano. Sauda alishauri waanze na bushi, zile raba zinazoshikilia vyuma vya miguu ya gari, maana zilikuwa zimechakaa. Zifuate shokapu. Springi ziwe za mwisho. Mbaruku akapata springi fupi, ngumu, kutoka kwa dereva mmoja wa Tabora, tamaa ikamshika, akazifunga kwanza. Kwenye kona gari lilisimama imara, wakapongezwa. Kwenye barabara ya nyumbani, ambayo kila mvua huiachia makorongo, likawa linaruka kama mbuzi. Siku hizo walikuwa wakicheka. Sasa Sauda akipelekwa kliniki aliuma ncha ya mtandio tangu getini mpaka lami, na Mbaruku aliendesha polepole hadi baiskeli zikawapita.

Siku moja alilipeleka gari kwa Dieudonne, fundi wa kutoka Katumba mwenye gereji nyuma ya stendi. Alimwambia atoe springi ngumu na kurudisha zile laini za zamani. Dieudonne aliuliza kama mama Nasra, yaani Sauda, anajua. Mbaruku akasema atafurahi mwenyewe akiona.

Walipokwenda kliniki, gari lilivuka korongo la kwanza likazama mbele, likainuka, likazama tena, likayumba kama kitanda cha kamba. Sauda alifumbua macho.

"Umetoa springi," alisema.

"Niliona unaumia."

"Uliona. Hukuniuliza."

Mbaruku alijitetea kwamba hakutaka kumsumbua. Walipofika lami, Sauda alisema taratibu, bila kumtazama, "Baba Nasra, siku hizi kila mtu ananiamulia. Kaka ananiamulia. Hospitali wananiamulia. Hata wanaokuja kunipa pole wananiamulia nilalie upande gani. Ndani ya gari hili nilikuwa nasema mimi, na wewe unafuata. Nilidhani hapo pamebaki."

Mbaruku alisogeza gari pembeni akalizima. Malori ya mpunga yalipita, vumbi likaingia dirishani. Alitaka kuomba msamaha, lakini aliona kwamba msamaha peke yake ungemtwika mkewe kazi ya kumfariji yeye. Akamuuliza basi waanze na nini.

"Upepo wa matairi," Sauda alisema. "Umejaza kama unaenda kushindana. Punguza kidogo. Halafu bushi. Na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, hatutajua kipi kimesaidia."

Wakafanya hivyo. Walipunguza upepo, wakaenda kliniki, wakarudi. Dieudonne akafunga bushi mpya, wakaenda tena. Sauda aliegama, macho ameyafumba, akaeleza kwamba ule mtikisiko mdogomdogo uliokuwa ukimwingia nyongani umekwisha, ila kuyumba bado kunamtia kichefuchefu. Shokapu nzuri ziliagizwa kutoka Dar es Salaam, za aina inayokazwa na kulegezwa kwa kuzungusha kirungu kidogo. Siku ya kwanza zilikuwa zimekazwa mno. Alisema nyuma zilegezwe, mbele ziachwe. Siku nyingine akasema nyuma zimelegea kupita kiasi, zirudishwe kidogo. Springi zilifuata baada ya hapo, nazo alizichagua mwenyewe kwenye rafu za dukani, za kati, si zile fupi wala zile zilizochoka.

Njia ya kutoka Misunkumilo hadi hospitali ikawa uwanja wao. Bila kupanga, Sauda alianza tena kutaja: korongo, kaa kulia, tuta, punguza, sasa nenda. Mbaruku alifuata. Kuna asubuhi walifika kliniki wakiwa bado wanabishana kuhusu kirungu cha nyuma, na muuguzi akasema leo mama amekuja mchangamfu.

Lakini kila aliposhuka, uso wake ulikuwa umelowa jasho. Mbaruku aliliona hilo wiki baada ya wiki, akijiambia ni ugonjwa. Gari lilikuwa limetulia hata wateja waliopewa lifti walilisifu. Mwishowe, wakiwa wamesimama uani, alimuuliza kimebaki nini.

Sauda aliweka mkono kwenye kiti cha kushoto. Kilikuwa kiti cha mashindano, chembamba, chenye mbavu ngumu pembeni za kumshika mtu asiyumbe, na walikuwa wamekinunua kwa kipimo cha mwili wake.

"Ni hiki," alisema. "Kinanibana palepale penye ugonjwa. Tangu siku ya kwanza ni hiki."

"Mbona hukusema?"

"Nilijua nikisema kitatoka."

Mbaruku hakumwita Dieudonne. Alichukua spana akapiga magoti mlangoni, naye Sauda akaletewa kigoda akakaa kivulini akitazama. Nati moja ilikuwa imeshika kutu na ilimchukua muda. Kiti kilipotoka, chini yake zilionekana pini mbili za hijabu na changarawe nyekundu ya Kasokola. Mbaruku alizifagia kwa kiganja, akafunga kiti cha kawaida, kile kinacholazwa nyuma, kisha akauliza cha zamani akiweke wapi. Sauda alisema kipelekwe gereji, apewe anayekihitaji. Alipokwisha kusema hivyo alijifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti. Mbaruku aliketi chini kando ya kigoda, mikono yake ina grisi, akashindwa hata kumgusa bega asije akamchafua. Sauda ndiye aliyemvuta.

Msimu wa mashindano ulipofika, Lyamba, mwenyekiti wa klabu, alikuja nyumbani kumwomba Sauda awe mshika saa, akae mezani chini ya turubai. Alikusudia mema. Sauda alimshukuru, akamwambia bado hajaweza kuzisikiliza injini zile akiwa nje. Kwa Mbaruku alisema akitaka kushindana ashindane, yeye hatamkataza wala hatamwamulia. Mbaruku alifikiri, na siku ya mashindano akafungua duka kama kawaida. Wateja walikuwa wachache. Jioni watu walirudi kutoka Kasokola wakiwa wekundu kwa vumbi, wakasimulia nani kashinda na nani kapinduka, naye akawasikiliza mpaka mwisho.

Dawa zilipoisha, daktari alisema ugonjwa umeondoka na mfupa umeshikana, lakini umeshikana ukiwa umepinda. Mkanda ukavuliwa. Mara tu baada ya hapo Sauda alisema anataka kwenda Ugalla kumwona mama yake. Tangu augue, mama hakuwahi kumtia machoni, maana mwenyewe alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuweza kuiacha mizinga yake ya nyuki. Yunusi alisikia, akaja kuomba waende wote. Mbaruku alimkaribisha.

Walitoka asubuhi, Yunusi amekaa nyuma pamoja na mfuko wa mchele na zawadi za mama. Barabara ilipoanza kuharibika, Yunusi alishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akingoja. Gari lilishuka kwenye shimo, likapanda, likatulia. Likashuka jingine, likatulia. Taratibu akaachia mkono mmoja, baadaye na wa pili. Alipoinama mbele kumtazama dada yake, alimkuta ameegemea kitini, mdomo wazi kidogo, amelala.

Miti ya miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu. Walipishana na walina asali wawili kwenye baiskeli, wakapungiana mikono.

"Shemeji," Yunusi alisema kwa sauti ndogo, "gari limekaa vizuri."

"Alilipanga yeye," Mbaruku alisema. "Kila kitu."

Yunusi aliitikia kwa kichwa. Ilionekana ana neno jingine, lakini aliligeuza, akauliza kama kiti cha dada kinaweza kulazwa zaidi kidogo. Mbaruku alisema kinaweza, akasimamisha gari, na Yunusi akashuka mwenyewe akazunguka, akafungua mlango polepole, akakilaza.

Mama yao alikuwa mlangoni walipofika, ameshika fimbo. Sauda alishuka bila kusaidiwa, akamwendea. Mama aliiacha fimbo ianguke, akamkumbatia, na mkono wake ukashuka mgongoni juu ya kanga mpaka ukafika pale palipopinda. Ukasimama hapo. Mama alifumba macho. Wanaume wawili walibaki kando ya gari wameshika mizigo, wasijue waiweke wapi.

"Umefika, mwanangu," mama alisema, bila kuuondoa mkono. "Ingia ndani."