Kopo la Fundi Baridi

Spana namba kumi na saba ilipiga ukuta wa bati, ikadunda, ikatua karibu na miguu ya mteja aliyekuwa akisubiri gari lake. Mteja aliitazama, akamtazama aliyeirusha, akaona heri akasubirie nje.

"Rudia," alisema Fundi Baridi. "Yule mama wa kiwandani amesema nini?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, bado amevaa koti la buluu la kazini. Hakuwa analia. Angelia, baba yake angejua la kufanya.

"Amesema nanyonya mafuta. Kwa mpira, nikiwa njiani, halafu nauza. Anasema gari yangu na ile pacha yake zinabeba mashuka yale yale, zinapita njia zile zile, lakini yangu inakunywa karibu mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndivyo alivyosema, mbele ya wafua nguo wote. Leo hii nirudishe funguo."

"Wewe, mwizi?"

"Ndiyo, Baba. Mimi."

Hasira za Fundi Baridi zilijulikana mtaa mzima kama kengele ya shule, na hakuna aliyeshtuka tena zikilia. Lakini hii ilikuwa nyingine. Huyu binti alimlea peke yake tangu mama yake alipofariki, akamfundisha kuendesha gari katika uwanja huu huu wenye madoa ya oili, na kabla ya kumfundisha breki alimfundisha kwamba mafuta ya mtu hayaguswi. Mafundi wengine wote hunawa mikono kwa petroli ya mteja. Yeye alinunua yake, akaiweka kwenye chupa yenye kifuniko chekundu. Leo mwanamke mwenye mashuka aje kumwita mwanawe mwizi! Alivua ovaroli kama mtu anayechuna ngozi, akaichukua kofia yake, akatoka.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kwenda kumwambia gari ile ni nzima. Nimeitengeneza mwenyewe, kwa mikono hii."

Binti alimshika kiwiko. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Hebu jisikilize. Ukimwambia gari ni nzima, unamwambia mimi ni mwizi."

Alisimama. Hilo hakuwa amelifikiria. Hata hivyo alikwenda, binti nyuma yake, kwa sababu miguu ilikwisha kukasirika, na mwanamume wa miaka sitini hapendi kurudi ndani mbele ya mteja aliyesubiri nje.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la otomatiki, la zamani kiasi kwamba viti vyake vilishashonwa upya mara mbili. Lilikuwa mali ya kiwanda cha kufulia mashuka ya nyumba za wageni, na mwenye kiwanda watu walimwita Mama Shuka, mbele yake na nyuma yake. Miaka miwili nyuma lilichemka njiani, binti akalivuta hadi kwa baba yake, na baba yake akalitengeneza. Halikuchemka tena. Gari likitoka kwa Fundi Baridi halichemki ng'o: lipande mlima, lijazwe mizigo, likae foleni kwenye jua la saa saba. Jina lenyewe lilitokana na hayo. Wenzake walipata nyumba, wengine walipata magari ya kuvuta magari. Yeye alipata jina.

Ulaji wa mafuta ulianza baada ya hapo, polepole, na kila mwezi alikuwa na dawa yake. Alibadilisha plagi. Alibadilisha chujio la hewa. Alisafisha nozeli, akainua magurudumu moja moja kuona kama breki zinang'ang'ania. Binti naye alifanya ya kwake. Kila Jumatatu alijaza matairi upepo, alitoa kwenye buti vyuma vyote visivyo na kazi, alizima kiyoyozi hata jasho lilipomlowesha mgongo, akakanyaga mafuta taratibu kama mtu anayekanyaga yai. Wapi! Ikafika mahali baba mtu akaishiwa na dawa, akaanza kulaumu mguu.

"Una mguu mzito wewe, kama mama yako," alimwambia mara nyingi wakila. Mara ya mwisho binti alisukuma sahani akaenda kulala.

Asubuhi hiyo hiyo ya Jumamosi, uani kwa Mama Shuka, wafua nguo waliacha mabeseni na mashine ili wasikie vizuri. Mama Shuka alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, na mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni ya miaka. Alimkaribisha mzee kiti. Mzee hakukaa.

"Shikamoo hiyo baki nayo," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa amemwamkia. "Nimekuja kwa jambo moja. Gari hii haina kasoro. Naapa. Na mtoto wangu si mwizi."

"Fundi, yote mawili hayawezekani," alisema Mama Shuka.

"Basi tupime. Tujaze hadi shingoni. Uingie mwenyewe, ukae mbele, tuzunguke njia yake yote, turudi pampu ile ile tujaze tena. Kifuniko cha tangi nakifunga kwa utepe, uweke sahihi yako juu."

"Na ikila kidogo leo, kwa sababu nimo ndani?"

"Basi umemnasa mwizi," alisema Fundi Baridi. Alilisema kwa hasira, kwa sauti kubwa, na aliona binti yake akigeuza uso kuelekea kamba za mashuka.

Walikwenda. Binti usukani, Mama Shuka kando yake, na Fundi Baridi nyuma, amebanwa na mafurushi mawili ya mashuka yenye joto la pasi, magoti yamegusa kidevu. Walishusha mashuka nyumba ya kwanza, wakashusha ya pili, wakaingia barabara kuu inayokwenda nyumba za wageni za nje ya mji, na binti akaliachia gari likakimbia, mguu wake ukigusa tu.

Hapo ndipo Fundi Baridi alipousikia mngurumo.

Gari la otomatiki likishika mwendo barabara tambarare, injini hushusha sauti. Gia ya mwisho imeingia, kila mwenye masikio analijua hilo. Fundi Baridi alisubiri sauti ishuke. Walipita kituo cha mafuta, wakapita shule, wakapita daraja, na injini ikaendelea kulia kwenye gia ya tatu. Yeye magari ya wateja aliyajaribia uani, yakiwa yamesimama na boneti zimefunguliwa. Barabara kuu hakuwa amelipeleka gari la mtu kwa miaka mingi. Aliinua shingo juu ya furushi, akatazama dashibodi kati ya mabega ya wanawake wawili.

Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, kama gari lililowashwa sasa hivi.

Mshale huo ulikuwa fahari yake. Uliposhindwa kupanda, alijua kazi yake ni njema. Sasa, kwa mara ya kwanza, akauliza swali ambalo hata mwanagenzi angeuliza: injini iliyotembea saa nzima, kwa nini bado ina baridi? Na injini yenye baridi hula vipi? Hulishwa petroli nyingi, kama kila saa ni alfajiri. Na giaboksi inayosubiri injini ipate joto, itatoa lini gia ya mwisho?

Jibu lilikuwa gerejini, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Themostati ni kidude cha shaba chenye springi, kinatosha kiganjani. Hukaa kwenye mdomo wa bomba la maji, huyazuia yasiende kwenye rejeta kupozwa mpaka injini ipate joto, kisha hufunguka. Bwana aliyemfundisha kazi alimwambia kidude hicho ni cha nchi za theluji, huku kwetu ni cha kuchemsha magari tu. Akamwamini. Kila gari lililochemka, kabla ya kuuliza kingine, alikitoa hicho, akakitupa ndani ya kopo. Miaka thelathini. Nyani haoni kundule, na Fundi Baridi alikuwa amelikalia la kwake muda wote huo akilaumu mguu wa mtoto.

Hasira aliyokuwa nayo ilitafuta pa kwenda. Kwa Mama Shuka haikwenda tena. Kwa bwana wake haikufika, marehemu hagombezwi. Ikamrudia mwenyewe, nzima nzima, na humo nyuma kati ya mafurushi hapakuwa na spana ya kurusha.

Waliporudi pampuni, Mama Shuka alikagua sahihi yake kwenye utepe, akaubandua mwenyewe. Mwuza mafuta alijaza hadi shingoni. Pampu ilisimama kwenye lita tisa na kitu. Pacha wa gari hilo, njia hiyo hiyo, hufika tano na nusu.

Mama Shuka alivaa miwani, akasoma, akavua miwani. Halafu akamgeukia binti.

"Sawa. Nimekaa humo, nimeona. Huibi. Neno hilo nalifuta."

Binti alishusha pumzi.

"Lakini funguo nipe tu," Mama Shuka aliendelea. "Gari ni nzima, baba yako ameapa. Mafuta hayaibwi, nimeona. Basi kilichobaki ni mguu wako, na mguu huo siuwezi, mwanangu. Pacha inaendeshwa na mtu kama wewe."

Binti aligeuka akamtazama baba yake. Hakumwomba kitu. Alimtazama tu, kama anayengoja kusikia tena habari ya mguu wa mama yake.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Angesema kitakachohitajika ni kuangalia giaboksi, angelichukua gari Jumapili, angerudisha kidude kimya kimya, na Jumatatu angeitwa fundi bingwa. Njia hiyo aliiona yote, hadi mwisho wake. Kumbe mficha uchi hazai, na yeye alikuwa ameshazaa, na aliyemzaa ndiye aliyesimama mbele yake na funguo mkononi.

"Si mguu wake," alisema. "Ni mkono wangu."

Aliwaeleza. Alieleza vibaya, akirudiarudia, mwuza mafuta naye akisikiliza na bomba mkononi. Mama Shuka alimwacha amalize.

"Uliapa," alisema.

"Niliapa."

"Mbele ya wafua nguo wangu."

"Mbele yao."

"Basi utarudi ukaseme mbele yao."

"Na wewe, mama," alisema binti. Wote wawili walimgeukia. Sauti ilikuwa ile ile ya chini. "Uliniita mwizi mbele yao. Utasema na wewe."

Mama Shuka alikunja kamba ya miwani kidoleni, akaikunjua.

"Na mimi nitasema," alisema.

Walisema, mmoja baada ya mwingine, na wafua nguo walisikiliza wakijifanya wanakunja mashuka.

Saa tisa mchana gari lilikuwa gerejini, boneti wazi. Themostati mpya ilikuwa juu ya meza, ndani ya boksi lake dogo. Kando yake Fundi Baridi alimwaga kopo. Vilitoka vimeshikana kwa kutu, vikubwa na vidogo, na kila kimoja kilikuwa na gari lake mahali fulani barabarani, na mwenye gari aliyekuwa akilaumu mke, dereva au pampu. Alitafuta cha gari la Mama Shuka. Hakukijua. Alianza kuvitenganisha kimoja kimoja na bisibisi.

"Nipe spana," alisema binti.

"Niachie, nitafunga mimi."

"Miaka miwili, Baba. Kila ukila, mguu wangu. Nipe spana."

Alimpa. Binti alifungua mdomo wa bomba, akakwangua gundi ya zamani, akakiweka kidude mahali pake na kufunga nati mbili, kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, kama alivyofundishwa. Alirudishia maji. Baba yake alisimama mikono mfukoni, asijue pa kuiweka.

Waliingia wote wawili, binti usukani. Injini iliwaka. Walitazama mshale, ambao ulilala chini kwa muda kama kawaida yake, kisha ukatikisika, ukanyanyuka, ukaanza kupanda. Ulipita robo. Fundi Baridi hakuwa ameuona hapo kwa miaka mingi isipokuwa kwenye magari yaliyokuja yakitoa moshi, na mkono wake ulitoka mfukoni wenyewe, ukaenda kwenye ufunguo kuzima.

Binti alimdaka kifundo cha mkono.

"Ngoja," alisema.

Mshale ulipanda hadi katikati ukasimama. Injini ilishusha sauti, taratibu, mpaka wakasikia bisibisi ikibingirika mezani na kuanguka. Binti hakumtazama baba yake, na mkono wake hakuuachia.