Nguo za Losina Hazijakauka

Losina alipofunga kamba, mwanzo mti huu, mwisho mti ule, katikati barabara ya magogo, hakumwambia mtu kwamba anataka vita. Alisema anaanika. Na kweli alianika: sketi yake ya bluu, sketi za wifi zake, sketi ya mke wa chifu, na katikati kabisa, pana kuliko zote, sketi ya njano ya bibi Abitai, aliyezaa mabinti watupu na kuwaoza kwa nusu ya madereva wa ghuba ile.

"Haya, tukae tutafune popoo," akawaambia wenzake. "Zitakauka zenyewe."

Wakakaa. Kamba ilikuwa juu, gari la kawaida lingepita bila kugusa hata pindo. Lakini mwanamume gani wa kisiwa cha Malaita apite chini ya sketi ya mwanamke? Hata wale wapiga gitaa wa kanisani, wanaosema mambo ya mizimu wameyatupa, ukiwaonyesha sketi juu ya njia wanakumbuka wana shughuli kwingine. Akipita amechafuka, na alichokipanda kimechafuka, na hakuna wa kula naye mpaka achinjwe nguruwe wa kumtakasa.

Msimwone Losina mchokozi bure. Kampuni ya magogo ilipoingia iliahidi shule na zahanati. Mpaka leo wagonjwa wanabebwa kwa machela. Kilima cha kwanza kilipandishwa melini kikaenda ng'ambo, mto ukageuka uji wa tope, tope likafika baharini, samaki wakahama. Sasa watu wa pwani wananunua samaki wa kopo! Mpwa wa Losina alikwenda kambini kufua nguo za wageni, akarudi na mimba, na aliyempa mimba akaondoka na magogo. Kilibaki kilima kimoja, chenye chemchemi na miti ya ngali, yenye kokwa tamu, iliyopandwa na mama mkwe wake. Ndiyo maji ya mwisho ya kunywa. Na chifu Fiualea, shemeji yake, mtoto wa kuzaliwa wa mwanamke yuleyule aliyeipanda, alikuwa amekiuza kilima kwa boti ya injini na magunia ya mchele.

Asubuhi hiyo tingatinga likaja likinguruma, dereva Kwaimani juu yake. Akaona kamba. Akazima injini.

"Mbona umesimama?" bosi wa kampuni akafoka kutoka nyuma.

"Bosi, ile ya njano ni ya mama mkwe wangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nashuka."

Akashuka kweli, akenda kukaa kivulini, mgongo kwa sketi, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Wakata miti nao wakaweka chini misumeno yao ya injini. Chifu akaletwa mbio, jasho linamtiririka.

"Shemeji, unaniaibisha! Toa hivi vitambaa!"

"Vitambaa? Kimoja ni cha mkeo, mwambie mwenyewe."

Mkewe akatema popoo upande wa chifu, akatazama juu kuangalia mvua.

"Zikikauka tutaanua," Losina akasema. "Tungeanika mtoni, lakini mto mmeutia tope. Tufanyeje, baba?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bosi akachomoa panga, akaiendea kamba.

"Usikate, bosi!" chifu akapiga yowe. "Zikianguka chini, barabara nzima imekufa, hakuna atakayeikanyaga!"

Bosi akasimama, panga hewani. Meli ilikuwa nje ya ghuba ikipiga honi, inangoja magogo. Akatukana kwa lugha ya kwao, akatupa panga, akapanda tingatinga mwenyewe. Losina akaacha kutafuna. Hilo hakulitegemea.

Tingatinga likapita. Bomba lake refu la moshi likanasa sketi ya bibi Abitai, ikateleza, ikamvaa bosi kichwani mpaka mabegani. Lo! Wanaume wakafunika macho. Bosi akaivua, akaitupa kando, akaita watu wake wamfuate na misumeno. Nani amfuate? Kwaimani alikuwa keshatangulia nyumbani.

Akapanda kilimani peke yake. Losina akamfuata mbio, kicheko kimemkauka, akafika wakati ngali mkubwa wa kwanza unainama mbele ya tingatinga. Kokwa za mti ule ndizo mama mkwe wake alizompondea pudini ya arusi. Ukaenda chini na mizizi yake yote, udongo ukaruka. Losina akalia kwa sauti, bila haya, akamtukana yule bosi kwa matusi ambayo hakujua kama anayo.

Bosi akarudi nyuma ausukume wa pili. Lakini pale mizizi ilipong'oka palikuwa chepechepe, maji yakipita chini kwa chini, na tingatinga likakaa. Kadiri alivyokanyaga mafuta lilizidi kuzama, mpaka minyororo yote ikapotea topeni.

"Leteni gari la kuvuta!" akapiga kelele.

Gari lilikuwapo, kamba ya chuma ilikuwapo. Mkono wa mwanamume wa kuigusa mashine ile ndio haukuwapo.

"Nguruwe kwanza," wakamjibu kutoka chini ya kilima. Bosi akasema hanunui nguruwe kwa ajili ya nguo za kufua.

Aliposhuka kambini, mpishi alikuwa ameacha sufuria jikoni akakimbia. Nahodha wa boti ya kampuni akamwambia boti haiwezi kumbeba, lakini mtumbwi wa kuazima upo, na kasia hili hapa. Akapiga kasia mwenyewe, akizunguka zunguka kama bata, mpaka melini. Meli ikaondoka nusu tupu.

Jioni chifu akaja mpaka kwenye kamba, ndoo mkononi. Upande wake mto wa tope. Upande wa pili chemchemi, na wanawake wanapita chini ya sketi zao wenyewe wakichota wapendavyo.

"Shemeji," akaita kwa upole, "nina kiu."

"Maji yapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pita."

"Usinitanie bwana."

Losina akampa kibuyu na kumjazia ndoo yake, maana shemeji ni shemeji. Akanywa hadi tone la mwisho, macho yakiutazama ngali ulioanguka kule juu.

"Huo ni wa mama," akasema.

"Ni wa mama."

Akarudisha kibuyu. "Kampuni nyingine imenipigia simu," akasema, bila kumtazama usoni. "Wana bei nzuri zaidi. Lakini si sasa, mwezi ujao. Meli imeshaondoka, shemeji. Sasa utaanua?"

Losina akaishika sketi yake ya bluu. Jua la kutwa lilikuwa limeikausha kau kau. Akaishusha, akaizamisha yote ndani ya ndoo ya shemeji yake, akaikamua kidogo tu, akaianika tena.

"Bado mbichi," akasema.