Jina la Ukurasa wa Mwisho

Tarehe 15 Novemba 1846, siku ya kwanza ya mfungo wa Noeli, palipambazuka kwa manyunyu na upepo wa baharini. Baba Ioannikios alikuwa akichambua dengu katika jiko la monasteri ya Mtakatifu Mamas wakati mtu aliyeinakili Injili ya monasteri alipoingia akikung'uta viatu. Alikuwa amekufa miaka mia saba iliyopita.

"Funga mlango, moto wangu unazimika," alisema Pakhomios, mpishi.

Marehemu akafunga. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino.

"Naitwa nani?" akauliza.

Walijua kilichomleta. Injili ile aliiandika kwa mkono wake kwenye ngozi za kondoo, na ukurasa wa mwisho akataja jina lake, akiomba atakayesoma amwombee. Tangu hapo, kila Jumapili msomaji alimaliza somo, akafunua ukurasa ule, akalisoma jina, nao watawa wakaitikia, "Bwana amrehemu." Baada ya Pasaka ya mwaka huo, mgeni msomi alimwomba Baba Mkuu amwazime kitabu. Aliacha karatasi ya ahadi ya kukirudisha, yenye muhuri. Karatasi ingalipo.

Msomaji alikuwa Ioannikios. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, kidole chini ya kila herufi, na hakuthubutu kutamka neno la kitabu bila kitabu. Jina lile alilisoma miaka thelathini. Hakulishika kichwani, wala wenzake waliokuwa wakiitikia tu.

"Lilianza na herufi nyekundu," alisema.

"Yote yanaanza na nyekundu, mzee wangu," alisema Pakhomios. "Hata mimi mbumbumbu nalijua hilo." Akampakulia marehemu dengu za jana.

"Huko tuliko wafu, wenzangu wakiitwa kwa majina, wanaingia," alisema marehemu. "Mimi nasimama mlangoni. Kuna baridi."

Baba Mkuu alikuwa ameingia kutafuta mkate. "Mgeni ameandika kwamba atakirudisha," alisema, akitazama sakafu.

"Hata mimi niliandika," alisema marehemu.

Ioannikios akajifuta mikono kwenye kanzu, akasimama.

"Baba Mkuu, nawe Pakhomios, mnanisikia. Kuanzia leo, jina la Ioannikios likitajwa kwenye maombi, ni la huyu. Niwe hai, niwe nimekufa. Mimi msiniombee kwa jina lolote. Nitasimama mlangoni badala yake mpaka kitabu kirudi."