Chifu Njagi Aenda Kuposa Kigali

Mama alisema magoti yanamuuma, hawezi kupanda ndege. Beth alijua magoti ya mama yake yalikuwa mazima. Wiki hiyohiyo alikuwa amepalilia maharagwe ya shamba lote la chini. Alichotaka mama ni kukaa siku chache pale nyumbani Kanja, Embu, bila kuitwaitwa. Kwa hiyo mzigo ukamwangukia Beth: kumfikisha baba yake, Chifu Njagi, hadi Kigali, ambako Nyamu, kitinda mimba wao, alikuwa amepata kazi na mchumba.

Uchifu wenyewe ulikwisha zamani, ila Njagi hakuwahi kuuvua. Bado alifika kwa watu wakati chakula kimeiva. Bado alitarajia wanaume wazima wasimame akipita. Beth, aliyekuwa mwalimu wa biolojia kule Nkubu na mama wa watoto wakubwa, alimdharau tangu utotoni, tangu siku alizotumwa kubeba kuku ambao baba yake "alizawadiwa" na wajane waliokamatwa wakipika pombe. Dharau yake haikuwa na kelele. Alimwamkia, alimnunulia viatu, alimwitikia "ndiyo, Baba", na moyoni alimwona kama jogoo mzee anayewika mchana wa jua kali.

Katika uwanja wa ndege wa Kigali, msichana mmoja wa forodha aliufungua mzigo wa mzee. Nduma za shambani kwake, ndizi na nguo zake za ndani, vyote vilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki.

"Mzee, mifuko hii hairuhusiwi nchini kwetu," msichana alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Vitu ni vyako. Mifuko nitaichukua."

"Wewe unajua unaongea na nani?"

"Hapana," msichana alijibu kwa adabu, akaendelea kutoa nduma moja moja.

Njagi alimgeukia Beth ili amweleze msichana yule. Beth akatazama pembeni. Chifu akatoka uwanjani amekumbatia nduma kifuani, na bintiye akaona kwamba safari imeanza vizuri.

Siku ya pili mzee aliipitia nchi nzima kwa mdomo, kutoka kwenye kiti cha baraza ya nyumba ya wageni. Barabara zilikuwa safi mno, ishara kwamba watu hawa hawana mashamba ya kuwashughulisha. Vilima vilikuwa vingi, lakini vilima tu. Embu kuna mlima. Chai yao haikuwa na maziwa ya kutosha hata ya kumlisha paka. Kila mgeni aliyekaa karibu naye aliambiwa habari ileile.

"Nimemleta huyu msichana wangu aone dunia," alisema. "Hajawahi kutoka Nkubu."

Beth alikuwa ndani akisikia. Pasipoti ya baba yake ilikuwa katika mkoba wake, kwa kuwa ndani ya ndege mzee aliisahau kwenye mfuko wa kiti. Akaufunga mkoba.

Jioni Nyamu alikuja kuwaeleza mambo ya kesho. Alisema kila upande utakuwa na msemaji wake. Msemaji wao ni bwana anayeitwa Gasana, mtu anayeijua kazi hiyo. Upande wa msichana utawachokoza, utawadharau, utajifanya hauwajui. Yote ni mchezo wa posa, na mwishoni msichana atatolewa.

"Baba, wewe utakaa tu. Gasana ndiye ataongea."

"Nikae kama gunia?" Njagi aliuliza, na hapohapo akaanza kueleza jinsi posa inavyofanywa kwao. Alieleza mpaka Nyamu akaondoka.

Kesho yake waliketi chini ya turubai, familia mbili zikitazamana. Njagi alivaa suti ya kaki. Mzee aliyesemea upande wa msichana alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya utulivu, na kila alipomaliza sentensi ya Kinyarwanda watu walicheka. Nyamu alimtafsiria baba yake sikioni kwa Kiembu.

"Anauliza kama tumepotea njia... Anasema kwao binti hapewi watu wasiojulikana... Anauliza kama kwetu tunafuga ng'ombe au tunakamua mbuzi."

Gasana aliinama, akaomba radhi, akasema wageni ni watu wanyonge lakini wana moyo safi.

"Nani mnyonge?" Njagi alinong'ona.

"Baba, ni mchezo."

Mzee mwembamba alimnyooshea Njagi kidole, akasema jambo, turubai nzima ikaangua kicheko. Nyamu hilo hakulitafsiri.

"Amesema nini?"

"Anauliza kama wewe ni mlinzi wa gari lililotuleta."

Njagi akasimama. Beth alijaribu kumshika koti, akakosa.

"Mimi ni Chifu Njagi wa Kanja!" alinguruma kwa Kiswahili. "Nikikohoa, lokesheni nzima inanyamaza! Ng'ombe wangu ni wa gredi, si hawa wenu wenye pembe kubwa na matiti madogo! Mbuzi wangu mmoja anaweza kuwanunua nyote!"

Kisha mzee mwembamba akaangua kicheko mpaka akafuta macho kwa leso, na makofi yakalipuka pande zote. Gasana mwenyewe alipiga. Walidhani chifu ameingia mchezoni, na ya kwamba ameucheza vizuri kuliko wote. Mzee mwembamba akavuka, akamkumbatia, akatangaza kwamba mwanamume anayejua kuomba hivi hawezi kunyimwa binti.

Njagi aliketi, kifua mbele. "Umeona?" alimwambia Beth. "Hawa walihitaji kuonyeshwa."

"Ndiyo, Baba," Beth alisema. Aliona haya hadi masikioni, na akaona kwamba hata ukweli, kwamba walidhani anatania, ni kitu kizuri mno cha kumpa mtu kama huyu.

Asubuhi iliyofuata walikaa wawili mezani. Njagi alimenya yai kwa muda mrefu kuliko yai linavyohitaji.

"Beth. Wale watu walikuwa wananicheka?"

Miaka yote Beth alikuwa na maneno ya kumwambia baba yake siku akiuliza swali kama hilo. Aliyatafuta, akapata moja tu.

"Ndiyo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Utamwambia mama yako?"

"Nitamwambia walikupigia makofi."

"Walipiga kweli."

"Walipiga, Baba."

Beth alimwonea huruma kidogo, na huruma hiyo ikamkera. Haikukaa sana. Mhudumu alipopita, Njagi alimwita kwa kidole, akamwambia yai lao ni bichi, na kwamba huko kwake mtu angefutwa kazi kwa yai kama hilo.