Eda ya Hasina

Idrisa alisimama mlangoni kwetu Msambweni amevaa suti ya sufu na kofia ya viua, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Nyuma yake injini ya gari inanguruma. Alikuwa akimwita mke aliyemwacha mwenyewe.

"Hasina, mpenzi, tutachelewa Mombasa."

Pazia la mlango halikutikisika. Mimi nilikuwa barazani nakula mahamri, wala sikusogea kumpisha.

Idrisa ni jina alilopewa siku aliyosilimu. Kwao Ujerumani alikuwa Horst. Alikuja Diani kupunga upepo, akamkuta dada yangu mapokezi ya hoteli, akataka kuoa. Dini yetu aliila kama mtu anavyokula samaki: nyama yake, miba wenzake. Mke asitoke bila ruhusa, hiyo aliishika kuliko maimamu. Yeye mwenyewe jioni yuko ufukweni, bia yake ameitia kwenye kikombe cha kahawa ati tusijue.

Na mimi nilimfundisha adabu. Nilimwambia wazee huamkiwa "marahaba". Mwaka mzima akapita Ukunda akiwawahi wazee kwa marahaba, nao wanabaki wanatazamana. Sikumsahihisha. Mtu anayekuita "nyinyi watu" kila akifungua kinywa, huna haraka ya kumsahihisha.

Halafu mama akaugua. Akalazwa hospitali, Hasina akaja kumuuguza, akalala pale pale chini kwenye mkeka. Idrisa hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alirekodi sauti yake, na hata hakumtumia Hasina mwenyewe. Aliitupa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, lenye mashangazi mpaka wa Mackinnon Road.

"Hasina, nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha."

Alikuwa ameyaokota maneno hayo kwa wanaume wa maskani ya Ukunda, wanaojisifu kuwatishia wake zao. Alidhani talaka ni kengele ya hotelini: ukibonyeza, mtu anakuja mbio.

Hasina aliisikiliza mara moja, kando ya kitanda cha mama. Akavua pete, akaitia kwenye pochi, akaendelea kumnywesha mama uji. Sheikh wa mtaani kwetu alipoletewa simu akasikiliza, alizihesabu zote tatu, akasema hapa hakuna kurejeana. Mama aliporuhusiwa kutoka, Hasina akaingia ndani kwetu kukaa eda.

Bahati ya Idrisa ikawa mbaya hapo. Miaka mitatu ya ndoa na Mkenya ilikuwa imetimia, naye alishaomba ukaazi wa kudumu. Sasa Uhamiaji walikuwa wanawaita, mume na mke, waje pamoja waulizwe. Akanijia mimi, kwa sababu nilisoma sheria chuo kikuu nikaachia njiani, na kwetu hiyo inatosha kuitwa wakili.

"Shemeji, nikiwaambia tumegombana tu?"

"Umemwacha mbele ya ukoo mzima. Kuna shangazi anaisikiliza ile sauti kila akiosha vyombo."

"Lakini mimi naipenda Kenya."

"Kenya hukuiposa. Ulimposa Hasina. Kibali unachokalia kinamtegemea yeye, na hicho unachokiomba kinamtegemea yeye. Bila yeye, wewe ni mtalii aliyeachwa na ndege."

Akakaa kwenye ngazi, uso umemshuka. Kwao alishauza nyumba na kila kilichokuwa ndani, mpaka vijiko. Nusura nimhurumie. Kisha akasema, "Basi mwambie wewe. Nyinyi watu mnasikilizana."

Huruma ikaniisha papo hapo.

Hakukata tamaa. Akamtuma Ami Nassir, mdogo wake marehemu baba, ambaye kila Ijumaa hupanda gari la Idrisa kiti cha mbele na kushusha kioo ili watu wamwone. Ami alikuja akaongea na Hasina kwa sauti ya asali.

"Mwanangu, kwa kadhi haijaandikwa bado. Nenda naye, useme ni mumeo, urudi. Nani atajua?"

"Mungu, Ami. Na grupu."

"Huyu mtu atafukuzwa nchini, Hasina."

"Mimi niko eda. Nitatokaje nikakae garini na mwanamume aliyeniacha, mpaka Mombasa? Si wewe uliyemsema jirani yetu Dama mbele za watu, alipokwenda arusini tu na eda yake haijaisha?"

Kwa Dama, Ami alikuwa na aya. Kwa gari lenye kiyoyozi akaikosa hata moja. Aliaga bila kunywa chai.

Ndiyo maana asubuhi ile Idrisa alikuja mwenyewe.

"Mambo haya ya eda," akaliambia pazia, "si lazima iwe leo."

"Wewe ndiye uliyetaka nikae ndani." Sauti ya Hasina ilikuwa ya chini. "Nimekaa."

"Watanirudisha kwetu. Sina kitu kule. Sina mtu."

Hapo nikaogopa. Namjua dada yangu. Angeweza kutoka.

"Idrisa," akasema, "ungepiga simu siku ile ukauliza tu, mama hajambo? Leo ungenikuta nimeshavaa."

Idrisa akageuka kuelekea garini.

Hasina akangoja kidogo. "Luqman, amekwenda?"

Nikaenda mpaka kwenye kona ya ua kuangalia. Gari lilikuwa pale pale njiani, injini imezimwa. Idrisa kauinamia usukani, mabega yanamtikisika, kofia imemwangukia mapajani. Nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia, nimeyanoa siku nyingi, na mengine yalikuwa mazuri kweli.

Nikarudi barazani.

"Ameshakwenda," nikamwambia.

Hapo ndipo nilipomsikia akianza kulia nyuma ya pazia, polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mama.